Popo Juu ya Kitanda cha Mama

3 Februari

Mdogo wangu,

Pokea salamu zangu, na ukishazipokea uziweke mahali, usizisahau kama ulivyozisahau zile za mwaka jana. Huku hatujambo. Cherehani yangu inakohoa kuliko mama, na mama anakohoa kuliko anavyokubali. Anakutaja kila siku ya Mungu. Mpwa wako ana mimba ya miezi mitano na anataka niwe naye wakati wa kujifungua. Najua ungependelea simu, lakini simuni mimi na wewe hukatizana mpaka mmoja azime. Kwenye barua mtu analazimika kunyamaza mwenzake amalize. Basi nyamaza.

Tuna popo. Wako darini, juu ya chumba cha mama, na si wawili wala watatu. Jua likishuka tu wanatoka mmoja mmoja kwenye kona ya paa. Juzi nimewahesabu mpaka mia na arobaini, shingo ikakataa. Dari limeingia mabaka ya kahawia, na harufu yake wateja wangu wanakwenda nayo nyumbani. Kuna bibi harusi alinusa gauni lake akaniuliza kwa heshima zote kama siku hizi nafuga mbuzi.

Nilimwita fundi wa mtaa huu. Wateja wamembatiza Kesho Mapema, kwa kuwa ndilo jibu lake kwa kila swali. Alipanda ngazi, akachungulia, akacheka mpaka nikashika ngazi kwa mikono miwili. Akauliza nani aliyeezeka. Nikasema ni mdogo wangu, fundi mkubwa, yuko mbali. Akaniambia, "Mama, hawa popo hawakuvunja kitu. Wamekaribishwa." Kenchi zako za kona ya nyuma, zile mbao zinazobeba bati, hazikufika ukutani. Pengo lenyewe mkono wangu unaingia.

Halafu akaja bwana afya kwa ajili ya kikohozi cha mama. Alitazama dari, akaziba pua, akasema mtu wa miaka themanini na mbili havuti vumbi la kinyesi cha popo kila siku akabaki salama. Ama popo watoke, ama mama atoke. Sasa mama atoke aende wapi? Kwa mpwa wako ni chumba na sebule, tena mji asioujua. Nyumba hii anaijua kwa kupapasa kuta. Tukimtoa humu hatutamrudisha mzima, na hilo ndilo linaloninyima usingizi na raha. Njoo ufunge tundu lako. Paa uliezeka wewe, mama ni wetu sote.

Dada yako


27 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Nimeketi kukuandikia nikiwa mzima, mgongo tu ndio unaonikumbusha umri. Huku kazi imepamba moto, ni msimu wa kuezeka na wakubwa hawatupi pumzi. Mpe mpwa wangu hongera, mwambie mjomba wake anataka mtoto mwenye sura ya upande wetu.

Kwanza huyo Kesho Mapema wako. Fundi anayecheka kazi ya mwenzake akiwa juu ya ngazi ya kuazima hana adabu na hana ngazi. Pili, lile si tundu. Ile ni njia ya hewa. Paa lazima lipumue, na niliiacha kwa makusudi. Siku zile nyote mlisifu nyumba ina ubaridi, hakuna aliyeuliza ubaridi unatoka wapi.

Dawa ya popo ni pilipili kavu. Weka makaa kwenye karai, tia pilipili, pandisha darini jioni kabla hawajatoka. Hakuna kiumbe anayevumilia moshi huo.

Kuja sasa siwezi. Nikimaliza jengo hili la ghorofa nne tutaona. Mwambie mama avumilie. Umesema ananitaja kila siku. Anasema nini?

Ndugu yako


21 Machi

Mdogo wangu,

Tu wazima, tena tumefukizwa. Mpwa wako tumbo limemzidi urefu. Wateja wamepungua, nitakueleza sababu.

Pilipili yako imefanya kazi. Imenitoa mimi, imewatoa wanawake wawili waliokuja kupimwa, mmoja akiwa nusu amevaa, na imewatoa majirani na ndoo zao za maji, ambazo walizimwaga kwanza wakauliza baadaye. Vitambaa vya watu vimelowa, mimi nimelowa, karai limezima. Popo peke yao ndio hawakutoka. Nadhani walikaa wakitutazama.

Mama naye aligoma. Alisimama na fimbo chini ya dari, macho yanamtiririka, akaniamuru nizime moto mara moja, na akanitolea maneno ambayo sijawahi kuyasikia kinywani mwake. Sababu zake ni zake, tuziache.

Bwana afya alipopata habari alinigombeza kama mtoto wa shule. Anasema wengi wa wale popo ni majike, na sasa wananyonyesha. Vichanga hawajui kuruka. Ukifukuza mama zao au ukiziba tundu sasa hivi, watoto watafia darini, na hapo tutaikumbuka harufu ya leo kwa hamu. Tusubiri mpaka Juni, wote wawe wanaruka. Kwa hiyo popo wako kwenye likizo ya uzazi, na mimi ndiye mtumishi wao. Nimetandaza turubai chini ya dari na kila asubuhi nalifuta kwa maji, pua nimefunga kwa khanga. Mama nilimwomba ahamie chumba changu kwa muda. Hataki hata kusikia.

Sasa nina maswali mawili. Hewa gani inayopita kona moja? Zile kona tatu hazipumui? Na la pili, mbona barua zako huanza umeketi? Fundi wa paa msimu wa kuezeka huketi saa ngapi? Karatasi yenyewe ina picha ya bawaba juu, na maneno "vitasa vya kila aina".

Dada yako


18 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Mimi sijambo. Karatasi ni ya rafiki yangu mwenye duka la vifaa. Wewe soma maandishi, uache kupekua karatasi.

Kuhusu kona. Sawa, tuseme. Umri huu mtu anaweza kusema. Futi yangu ilikatika siku ya mwisho, zikiwa zimebaki kenchi mbili za kona. Mwashi alikuwa ameshaondoka na futi yake, nami nikaja kuazima yako ya kupimia nguo. Ulikuwa unashona vifungo, hukuinua hata macho. Futi ile ulikuwa umeikata vidole vinne mwanzoni kwa kuwa ilichakaa, na wewe kila ukipima kitambaa cha kukata ulikuwa unajumlisha kichwani. Mimi hukuniambia. Nikapima mbao kwa urefu niliokwishauandika wa zile kenchi za mwanzo, nikakata, nikapandisha, nikakuta mbao zinatazama ukuta kwa mbali. Nguo zako hazikupungua hata moja, paa langu likapungua.

Nilijua siku ileile. Mbao zilikuwa zimekwisha, na mama alikuwa ameshawaita majirani waje waone kazi ya mwanawe. Ningesema nini mbele yao, kwamba nimekata kenchi kwa kipimo cha sketi? Nikapigilia kipande cha bati mbele ya pengo, nikapokea sifa. Bati limeoza, ndipo wageni wako wakaingia. Kwa hiyo lawama tugawane.

Juni ikifika usizibe tundu wakiwa ndani. Shona wavu mfano wa mkono wa shati, wazi huku na huku. Upande mmoja ubane kwenye tundu, wa pili uning'inie chini. Popo anatoka kwa kutambaa, anapita mkononi, anaanguka nje na kuruka. Akirudi anatafuta tundu palepale lilipokuwa, akili ya kupanda kupitia mkononi hana. Uache siku nne au tano, dari likiwa tupu mwambie huyo mcheshi wako azibe kwa ubao. Apime mara mbili, na si kwa futi yako.

Mama anasema nini juu yangu? Nimeuliza, umeruka.

Ndugu yako


16 Juni

Mdogo wangu,

Salamu zangu leo zimechanganyika, zipokee hivyohivyo. Mpwa wako amejifungua mtoto wa kike tarehe tisa. Wote wazima. Nimeambiwa ana nywele nyingi na hasira nyingi, kwa hiyo upande wetu upo. Sijamwona. Nani angebaki na mama?

Popo wametoka. Bwana afya alipanda akahakikisha watoto wote wanaruka. Nikashona mkono kwa chandarua cha zamani, nikautia upindo, maana hata popo ni mteja. Kesho Mapema alifika kesho ya tatu, akaubana kwenye tundu bila kucheka, kwa kuwa nilikuwa nimemwambia nitaondoa ngazi. Jioni ile nilikaa uani nikawatazama. Walitambaa mkononi mmoja baada ya mwingine, wakatumbukia hewani wakiwa na mshangao, wakaruka. Alfajiri walirudi wakaizunguka kona wakiigonga, hawakuona njia. Siku ya tano dari likawa tupu. Likafagiliwa, likazibwa kwa ubao, likapigwa chokaa. Bwana afya amesema mama anaweza kubaki nyumbani kwake. Ningefurahi, lakini furaha haikumaliza siku mbili.

Sasa nakuambia nililokuficha. Tangu mwaka jana mama anasahau. Sisemi kusahau funguo, anasahau watu. Mimi ananiita "yule wa jikoni". Wewe hajakusahau, ila anaamini hukuondoka. Zile kelele za kukwaruza zilipoanza darini alisema ni wewe unamalizia paa, ndiyo maana aliukataa ule moshi. Kila jioni aliketi kitandani akaongea na dari. Alikukaripia kwa uvivu, akauliza ni paa gani lisilokwisha. Akidondokewa na uchafu begani aliupangusa, akasema umemwaga vumbi tena, hukuwa na adabu tangu utotoni, kisha akacheka peke yake kwa raha. Ulipotaka kujua anasema nini juu yako, ndiyo hayo. Anayasema kwa popo.

Mimi namwogesha, namlisha, namsuka, naye ananishukuru kwa upole anaompa mgeni. Popo walikuwa wanamnyea, na aliwaombea dua. Nimewaonea wivu, mdogo wangu. Mwanamke mzima wa miaka hamsini na nne, nimesimama mlangoni na sahani ya chakula nikiwaonea wivu popo.

Dari liliponyamaza akaanza kuuliza umekwenda wapi. Jioni ya pili alisukuma sahani, akasema hali mpaka ushuke. Siku ya tatu hali ilikuwa ileile, midomo imemkauka. Nikachukua mti wa ufagio, nikaenda chumba cha pili, nikagonga dari. Akala. Tangu hapo nagonga kila jioni, yeye anakula huku anakugombeza. Nimefukuza popo mia na arobaini, nimebaki mmoja mwenye magoti mabovu.

Lakini kugonga kumeanza kumchosha. Jana aliniuliza kama umekasirika, maana hujibu. Atakuita mpaka lini? Siku atakayoacha kukuita ndiyo ninayoiogopa. Sikuombi uje kufunga tundu, tundu limefungwa. Njoo akuone angali anakutafuta. Na kama kuna kinachokuzuia, kiandike, hata kama ni aibu. Mimi yangu nimeiandika.

Dada yako


4 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Leo sina habari za kutanguliza.

Miaka miwili iliyopita niliteleza kwenye paa la ghala moja lililokuwa limelowa umande. Nilianguka. Nyonga ilivunjika, na mguu wa kulia ulipona ukiwa mfupi. Sikumwambia mtu huko. Duka la vifaa si la rafiki, nimeajiriwa humo. Nauza vitasa na bawaba nikiwa kwenye kiti kirefu, na wanunuzi wananiuliza msumari gani unafaa kwa bati, mimi niliyeezeka nusu ya mji huu. Ile ghorofa nne naiona dirishani. Wanajenga wengine. Nikipanda ngazi hatua tatu tu jasho linanitoka, nashuka.

Ndiyo maana sikuja uliponiita. Ungenisimamishia ngazi, mama angewaita majirani, na mimi ningebaki chini nimeshika kipande cha ubao. Niliona afadhali mniite mtoro kuliko mnione hivyo. Ulipoandika kwamba mama ananiona bado niko juu ya paa lake, nililifunga duka nusu saa nikalia, mteja anagonga.

Nimeaga kazini. Nitafika kabla mwezi haujaisha. Wewe fungasha mizigo yako uende kwa mjukuu, mimi nitabaki na mama. Kupika najua kidogo, kuosha najua, kugonga dari naweza kujifunza. Ninachokiogopa nitakuambia wazi. Nikiingia mlangoni asiponijua, nitasema mimi nani?

Ndugu yako


12 Agosti

Dada yangu,

Shikamoo, na shikamoo tena kwa ubibi. Picha ya mtoto imefika. Ile hasira nimeiona. Mwambie mpwa wangu asijaribu kumbishia.

Huku hatujambo. Kikohozi cha mama kimepungua, bwana afya alipita Jumatatu akafurahi. Popo nao wana habari. Wamehamia nyumbani kwa Kesho Mapema, kwenye paa aliloezeka mwenyewe. Alikuja kuniuliza dawa, nikamwambia ashone mkono. Nikamuuliza ataanza lini, akajibu unavyojua. Sikuwa na ngazi ya kuchekea, nikacheka nikiwa kwenye kiti.

Sasa hili la mama. Siku mbili ulizobaki nami kabla hujaondoka uliona mwenyewe alivyonipokea, akaniuliza kama nimefuata suruali yangu. Ulipoondoka iliendelea hivyo. Wiki nzima nilikuwa mteja. Alinihurumia kwa kungoja, akaniambia yule wa jikoni ana mkono mzuri lakini ahadi zake ni za fundi cherehani. Akanisimulia habari za mwanawe. Nimepata bahati ambayo wengi huipata wakiwa jenezani, nimesikia nikisemwa mwenyewe nikiwepo. Fundi hodari, mvivu, muongo kidogo, anapenda sifa. Sikupata la kukanusha. Jioni nilikwenda chumba cha pili nikagonga dari kama ulivyonifundisha, naye alikula, lakini kila siku matonge yalipungua. Siku ya saba nilipogonga hakunigombeza. Alisema tu, "Basi, asiposhuka aache," akageukia ukuta.

Niliuacha ufagio nikaingia kwake. Nikaketi kwenye kile kiti cha wateja wako. Nilikuwa nimechoka kumdanganya, nikaona nimwambie kweli iishe. Nikasema, "Mama, mwanao hayuko juu. Alianguka. Aliumia mguu, akaona aibu kurudi."

Akageuka. Alinitazama kwa hasira safi, yenye akili zote.

"Mwanangu angeanguka ningesikia," akasema. "Mimi si nipo hapa chini yake?"

Dada, miaka miwili nimekuwa nikijiuliza nani alisikia nilipoanguka. Nililia mbele yake. Akaniuliza kama suruali yenyewe ilikuwa ghali kiasi hicho, nikasema hapana. Kisha akaniomba, kwa kuwa mimi ni kijana na yeye miguu haina nguvu, nitoke nje nimwite mwanawe ashuke, giza linaingia na chakula kinapoa.

Nikatoka. Nilisimama uani, chini ya ile kona yangu ya aibu. Kwa kweli niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa juu ya bati. Kisha nikajipangusa uso, nikaingia tena kwa mlango uleule, na mguu wangu uleule, nikasimama mbele yake.

Nikasema, "Mama, nimeshashuka."

Alinitazama mpaka nikadhani ataniuliza tena habari za suruali. Akavuta sahani, akaigawa katikati kwa kidole.

"Umechelewa," akasema. "Nawa mikono."

Ndugu yako